Jibini Halikui Mkononi

Msomaji kutoka Tanga ameandika:

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita na nasubiri kwenda chuo kusomea usanifu majengo. Kaka yangu ameniwekea kwenye kompyuta yake gemu inaitwa Superliminal. Unatembea ndani ya vyumba kana kwamba ni wewe mwenyewe umo humo, na ukishika kitu kinaweza kukua au kupungua. Nimekwama kwenye chumba chenye kipande cha jibini, mlango uko juu ukutani. Naelewa kabisa kwamba jibini linatakiwa liwe kubwa nilipande kama mteremko. Lakini kila nikilibeba hadi pale ukutani na kuliachia, linakuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Juzi likawa kama kidonge, nikalipoteza. Kaka anasema nitazame majibu YouTube yaishe. Mjomba anasema ni kiinimacho tu, kompyuta inaamua yenyewe. Je, kuna kanuni au nabahatisha? Halafu nikicheza nusu saa kichwa kinaniuma na nasikia kichefuchefu. Niache?"

Marahaba, mwanangu. Kanuni ipo. Katika vyumba hivi vya mwanzo ni moja tu, na kompyuta haiamui chochote nje ya kanuni hiyo. Kosa lako umeliandika mwenyewe bila kujua: unalibeba jibini hadi ukutani.

Hivyo ndivyo tunavyoishi na vitu. Ukitaka ndoo ikae jikoni, unaibeba hadi jikoni, unaitua. Ukitaka ngazi iegemee ukuta, unaisogeza hadi ukutani. Mkono umezoea hivyo tangu utotoni, kwa hiyo mtu akiona jibini linatakiwa pale, miguu inaondoka yenyewe. Ndani ya Superliminal, kubeba kwa namna hiyo ndiko kunakopunguza. Kitu kinakua kikitumwa mbali, na anayekituma ni jicho, wewe ukiwa umesimama nyuma.

Ngoja nikuonyeshe kwa kitu ambacho hakihitaji kompyuta. Ninaandika haya nikiwa barazani. Kwenye kiwanja cha jirani kuna mnazi. Nimenyoosha mkono, nimeisimamisha kalamu wima, nimefumba jicho moja. Kalamu yangu ina urefu wa sentimita 14, na kutoka jichoni hadi kwenye kalamu ni sentimita 60. Imeufunika mnazi barabara, ncha ya kalamu kwenye kilele, kitako chake kwenye shina. Nimekwenda kwa hatua hadi shinani: ni mita 60. Basi mnazi ule una mita 14, na sijaupanda. Umbali umezidi mara 100, urefu nao umezidi mara 100, sentimita zikageuka mita. Ni zile pembetatu zinazofanana ulizofanya shuleni, ila safari hii moja ya kona zake imo ndani ya jicho lako.

Sasa fikiria kalamu imeufunika mnazi, kisha kuna mtu anaichomoa mkononi mwangu na kuisukuma mbele kwenye mstari uleule wa macho, na kadiri inavyokwenda inakua, lakini inakua kwa kipimo ambacho machoni mwangu haibadiliki hata chembe. Inafika pale shinani. Nikiwa bado nimefumba jicho moja na sijasogea, sitajua lolote limetokea. Nikipiga hatua mbili pembeni ndipo nitakapoona kalamu ya mita 14 imesimama kwenye kiwanja cha watu.

Gemu yako inafanya hivyo tu. Ukishika kitu, inakumbuka jambo moja: kimechukua nafasi kiasi gani ya kioo cha kompyuta. Ukubwa wake wa kweli inauweka kando. Kisha inakisukuma mbali na wewe kadiri nafasi inavyoruhusu, mpaka kiguse ukuta, dari au sakafu, na ukiachia, kinabaki na ukubwa kiliofika nao pale. Hesabu yake ni hii: chukua ukubwa wa zamani, zidisha kwa umbali mpya, gawanya kwa umbali wa zamani.

Tuipitishe hesabu hiyo chumbani kwako, kwa namba za mfano. Jibini lina nusu mita. Umesimama mita 1 kutoka lilipo, linaonekana kubwa kiooni. Unalishika, unainua macho hadi ukuta wa mbali, mita 8 kutoka ulipo, unaliachia. Nusu mita mara 8: umepata jibini la mita 4, refu kama dari la nyumba na zaidi. Sasa njia yako. Jibini lile lile la nusu mita unalishika ukiwa upande wa pili wa chumba, mita 8 kutoka lilipo. Linaonekana dogo, na gemu inakumbuka udogo huo. Unatembea nalo hadi ukutani, unaliachia mita 1 mbele yako. Nusu mita gawanya kwa 8: sentimita 6 na kidogo. Rudia mara moja zaidi utabaki na milimita 8. Hicho ndicho kidonge chako, na ulikitengeneza kwa hesabu sahihi kabisa bila kukusudia.

Hicho kidonge usihangaike kukitafuta sakafuni. Fungua menyu, rudi kwenye hatua iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na chumba kitaanza upya. Kisha fanya hivi. Lizunguke jibini kwanza, kabla ya kulishika, mpaka upande wa mteremko uwe umekuelekea, maana sura utakayoishika ndiyo itakayofika kule. Gemu inailinda picha nzima, pamoja na upande unaoutazama. Lisogelee mpaka likaribie kuziba kioo. Lishike. Usitembee. Inua macho polepole hadi pale ukuta wa mbali unapokutana na dari, kisha achia. Litaanguka kwa kishindo na kutulia. Likiwa bado fupi, lifuate, lisogelee tena, urudie. Kila mzunguko unazidisha, haujumlishi, kwa hiyo mizunguko miwili ya mara 3 inakupa mara 9. Wengi huishia kuwa na jibini kubwa mno linaloziba njia, na hapo ndipo wanapojifunza kupunguza: rudi nyuma mbali, lishike likiwa linaonekana dogo, tazama sakafu karibu na miguu yako, achia.

Kuna jambo jingine linalowapunguzia watu vitu bila wao kujua, nalo hata watu waliokwisha kuielewa kanuni linawasumbua. Unashika kitu kikubwa, unatazama ukuta wa mbali, unaachia, na bado kinatua karibu, kidogo. Sababu ni kwamba unatazama katikati ya kitu peke yake. Nikiwafundisha wanafunzi wangu kutengeneza jambo hili kwenye kompyuta, nawaambia wapige mistari mingi isiyoonekana kutoka kwenye jicho kupitia kila sehemu ya umbo la kitu, katikati na kingo zote. Mstari utakaogonga kitu mapema kuliko mingine ndio unaoamua, kwa sababu kitu hakiwezi kupenya ukuta. Kwa hiyo kama katikati kuna mita 8 za wazi lakini kona ya kushoto ya jibini inapita juu ya ncha ya meza iliyo mita 2 kutoka kwako, jibini linasimama mita 2. Tazama kingo. Kabla ya kuachia, hakikisha nyuma ya umbo lote hakuna nguzo, fremu ya mlango wala meza. Mara nyingi kupiga hatua moja kushoto kunatosha.

Mjomba wako namheshimu, ila kwenye kiinimacho sikubaliani naye. Mfanya kiinimacho ana kitu amekificha: sarafu imebanwa nyuma ya kidole, kitambaa kina mfuko wa siri, na akikuonyesha mfuko ule mchezo umekwisha. Superliminal haifichi. Mimi nimekwisha kukupa siri yote hapo juu, na ukirudi kwenye gemu jioni hii utashangaa vilevile, pengine zaidi, kwa kuwa sasa utajua kwamba kinachodanganyika ni desturi ya jicho lako mwenyewe.

Desturi hiyo wataalamu waliijua zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, aliandika Kitab al-Manazir miaka ya 1011 hadi 1021 hivi. Hilo neno manazir ni ndugu wa damu wa neno letu mandhari. Alieleza kwamba akili inapokadiria ukubwa wa kitu haitumii pembe ya jicho peke yake, yaani pembe ambayo kitu hicho kinaifanya jichoni. Inaichukua pembe ile pamoja na umbali inaoukisia. Ukiipa umbali wa uongo, itakurudishia ukubwa wa uongo, tena kwa uhakika wote.

Nimeliona hili kwa kipimo kikubwa mara moja maishani. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, siku jua lilipopatwa kipete. Tulikuwa watu wengi uwanjani, tumevaa miwani maalumu, tumeinua shingo. Kipenyo cha jua kinazidi cha mwezi mara 400 hivi, na umbali wa jua nao unazidi wa mwezi mara 400 hivi, kwa hiyo machoni petu vinakaribia kulingana. Siku ile mwezi ulikuwa upande wa mbali wa njia yake, ukaonekana mdogo kidogo kuliko jua, ukashindwa kulifunika lote. Ikabaki pete nyembamba ya mwanga kuzunguka duara jeusi. Mwezi na jua viligusana mbele ya macho yetu kana kwamba vimekaa sahani moja, na katikati yao kulikuwa na karibu kilomita milioni 150. Hakuna aliyeweza kuuona umbali ule. Niliwaza darasa langu zima la kuchora mule mule uwanjani.

Wewe huhitaji kusubiri kupatwa kwa jua. Usiku wa mwezi mpevu chukua punje moja ya mbaazi, nyoosha mkono, fumba jicho moja. Punje ile itauziba mwezi wote, wenye kipenyo cha kilomita 3,474. Ukiendelea na gemu utafika mahali penye mwezi angani. Sisemi zaidi ya hapo. Ukiuona, kumbuka mbaazi.

Utauliza: mbona barabarani hatudanganyiki hivyo kila dakika? Kwa sababu barabarani akili ina mashahidi wengi. Macho mawili yametengana kwa sentimita 6 hivi, kila moja linaleta picha yenye tofauti ndogo, na tofauti hiyo inaiambia akili umbali. Ukitembea pia, vya karibu vinasogea haraka na vya mbali vinakawia. Umepanda basi la Lushoto au Moshi; umeona milingoti ya umeme inakimbia dirishani wakati milima ya Usambara imetulia. Kwenye kompyuta shahidi wa kwanza hayupo, maana kioo ni bapa na macho yote mawili yanaletewa picha ileile. Shahidi wa pili anazibwa mdomo pale unaposhika kitu, kwa kuwa kitu hicho kinaganda palepale kwenye kioo hata ukitembea. Yanabaki mazoea tu, nayo yanakisia.

Kuhusu YouTube, nakuomba usitazame. Nasema hivi nikiwa na sababu. Gemu yenyewe ni fupi, wengi wanaimaliza kwa saa 2 au 3, na kila chumba kina fumbo ambalo unalifumbua mara moja tu maishani. Ukishaonyeshwa, huwezi tena kutojua. Kukwama saa nzima kwenye jibini hakukuwa kupoteza muda. Ulikuwa unakusanya ushahidi, na swali lako kwangu limejaa ushahidi mzuri. Mtu aliyetazama video asingeweza kuniandikia kwamba kila akilisogeza ukutani linapungua. Angepita, na chumba cha pili angetafuta video nyingine.

Nitakusaidia kwa sehemu inayofuata, iitwayo Optical, bila kukufumbulia. Humo utakuta rangi zimepakwa vipande vipande: kidogo ukutani, kidogo sakafuni, kidogo kwenye nguzo, havina maana yoyote. Kuna sehemu moja tu ya kusimama ambapo vipande vyote vinaungana na kuwa umbo kamili, na vikiungana sawasawa, umbo linakuwa kitu cha kushika. Ufundi huu ni mkongwe. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora wanaume wawili waliovaa mavazi ya thamani, na mbele ya miguu yao akaweka kitu kama doa refu lililovutwa; picha iko National Gallery, London. Ukisimama mbele yake ni doa. Ukijibana pembeni karibu na ukuta, doa linajikunja na kuwa fuvu la kichwa.

Wanaocheza kwa pupa hutafuta mahali pale kwa kuzungukazunguka mpaka wabahatike. Ipo njia iliyo bora, na wavuvi wa pwani wanaijua. Mvuvi anayetafuta mwamba wenye samaki katikati ya maji, mahali pasipo na alama yoyote, anatazama nchi kavu. Anasogeza chombo mpaka mnazi fulani ukae sawa na paa la nyumba iliyo nyuma yake. Sasa anajua yuko kwenye mstari mmoja. Akiushika mstari huo, anakwenda mbele au kurudi nyuma mpaka jozi ya pili, labda mnara wa msikiti na kilele cha mlima, nayo ikae sawa. Mistari miwili ikikatana, nanga inashuka. Fanya hivyohivyo. Chagua ukingo mmoja wa rangi ulio kwenye nguzo ya karibu na mwenzake ulio kwenye ukuta wa nyuma. Tembea kushoto na kulia mpaka viungane. Usiupoteze mstari huo. Sasa sogea mbele na nyuma ukiangalia jozi nyingine. Kama mistari yote imekaa sawa kulia na kushoto lakini imepishana juu na chini, jicho lako liko chini mno au juu mno, basi angalia kama kuna kitu cha kupanda.

Sehemu za baadaye zinabadilisha masharti. Kuna inayoitwa Clone, ambako kila ukigusa kitu kinajizaa nakala. Kuna Dollhouse, ambako nyumba ya mwanasesere na wewe mnabadilishana ukubwa. Huko kanuni ya pembe inaendelea kufanya kazi, lakini imepewa majirani. Ukikwama, usijiulize kitu hiki ni kikubwa kiasi gani. Jiulize kimekula nafasi gani ya kioo, na nyuma yake kuna umbali gani. Maswali hayo mawili yatakuvusha vyumba vingi sana.

Kwa kuwa unakwenda kusomea usanifu majengo, nina furaha ya pekee kwamba gemu hii imekufikia sasa. Ilianza kama kazi ya mwanafunzi. Albert Shih alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipotengeneza jaribio dogo la vyumba vichache vyenye kanuni hii moja, na mwaka 2013 likaonyeshwa Tokyo na kuwashangaza watu. Kampuni ndogo ya Pillow Castle ya Seattle ilichukua miaka 6 zaidi kulikuza, na gemu kamili ikatoka tarehe 12 Novemba 2019. Miaka hiyo yote ilikwenda kwenye kuuliza: kama kanuni hii ni kweli, nini kingine lazima kiwe kweli? Swali hilo ndilo utakalokutana nalo mezani kwako ukichora nyumba.

Na utakutana nalo kwa machungu pia. Mimi nachora ramani za nyumba na kufundisha kuchora. Miaka kadhaa iliyopita mteja mmoja alinijia amekasirika, anasema fundi amemwibia sebule. Alikuwa na picha ya kompyuta niliyomtengenezea kabla ya ujenzi, sebule kubwa, dirisha la mbali, kochi dogo pembeni. Nyumba ilipokwisha, sebule ilikuwa imebana. Tulipima kwa futi kamba, kila ukuta ulikuwa pale ramani ilipousema. Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilipotengeneza picha, kamera niliipa upana mkubwa wa kuona ili chumba kizima kiingie, na kamera pana husukuma kuta za nyuma mbali na kufanya vitu vya mwisho vionekane vidogo. Nilimwonyesha ukweli wa ramani na uongo wa picha kwa wakati mmoja, naye aliamini picha, kama ambavyo mtu yeyote angeamini. Tangu siku hiyo kila picha ninayompa mteja ina mtu aliyesimama ndani yake, wa kimo cha kawaida, na ninamwambia imepigwa kutoka wapi.

Upana huohuo wa kuona unatuleta kwenye kichwa chako, na hili usilipuuze. Macho yako yanaiambia akili kwamba unatembea, unageuka, unaanguka. Masikio ya ndani, yanayopima mwendo wa mwili, yanasema umekaa kwenye kiti. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu, sawa na mtu anayesoma kitabu ndani ya gari. Gemu za kutembea kwa jicho la mhusika huzidisha ugomvi pale picha inapokuwa nyembamba, kama mtu anayetazama kupitia bomba. Nyingi kwenye kompyuta zina mpangilio wa kurekebisha upana huo, huandikwa FOV kwenye menyu. Ukiukuta, upandishe hadi nyuzi 90 hivi, uone mwili unasemaje. Ukikuta mpangilio wa ukungu wa mwendo au wa kichwa kuyumba wakati wa kutembea, zima vyote viwili. Punguza kasi ya mausi ili ugeuke taratibu, maana kugeuka ghafla ndiko kunakoumiza kuliko kutembea.

Kaa mbali kidogo na kompyuta, mkono mzima kutoka kiooni, na washa taa ya chumba. Ukiona ukuta halisi na meza halisi pembeni ya kioo, akili inapata mahali pa kushika. Usicheze ukiwa na njaa. Dakika 20 zinatosha kwa chumba kimoja, kisha inuka, toka nje, tazama kitu cha mbali. Kichefuchefu kikianza, simama hapohapo. Ukikilazimisha kinakaa nawe mpaka usiku. Watu wengi huzoea baada ya siku chache za namna hii. Kama kichwa kitaendelea kukuuma hata siku ambazo hujacheza, au ukiona herufi za mbali zinafifia, nenda kliniki ya macho upimwe kabla ya kuanza chuo, maana huko utakuwa unatazama kompyuta na karatasi za kuchorea kutwa nzima.